Ng'ombe Arobaini wa Jati

Delanggu, 16 Januari 2023

Mwanangu Wening,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mumeo Danar na wajukuu zangu. Huku tu wazima, isipokuwa goti langu la kushoto ambalo nalo limeamua kustaafu. Mvua imezidi, mpunga wa nyuma ya nyumba umelala chini wote. Bulik Tatik, mama yako mdogo, amenunua jokofu jipya na kila mgeni analazimishwa kulichungulia ndani, hata aliyekuja kutoa pole.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia kwenye karatasi na simu ipo. Kundi letu la familia lina watu thelathini na wanne, na nikikupigia, Tatik ananisikia kupitia ukutani. Hili ni la wewe na mimi.

Pak Warsito, mjumbe wetu wa mtaa, alikuja Jumanne na daftari lake. Anaandikisha watoto wote wa umri wa shule. Unakumbuka mlipohamia Samarinda hamkuhamisha majina? Lintang na Jati bado wamo kwenye kadi ya familia yangu. Kwa serikali, wajukuu hao wanalala kwangu, wanakula kwangu na wanasoma nikiwaona. Akaniuliza wako shule gani. Nikasema wanasoma nyumbani na mama yao, kwa utaratibu maalumu. Akauliza utaratibu gani. Nikamletea chai.

Ning, nilikubali uwatoe shule kwa sababu Lintang alikuwa akitapika kila asubuhi akiona sare. Sikukubali wakae bila mpango. Nilikuwa mwalimu mkuu miaka ishirini na miwili, na kwangu mtoto asiye na ripoti ni uvumi tu. Muhula umeisha Desemba. Ripoti ziko wapi? Nitumie za wote wawili kabla Pak Warsito hajarudi, maana chai haitanisaidia mara ya pili.

Mwambie Danar apunguze sigara.

Mama yako,
Murtinah


Samarinda, 6 Februari 2023

Ibu mpendwa,

Naubusu mkono wako kutoka huku mbali. Pole sana kwa goti. Sisi wazima. Mto umepanda mpaka ngazi ya pili ya jirani, yeye anavua samaki akiwa amekaa barazani. Mas Danar amepunguza sigara, sasa anavuta akiwa nje tu, na siku hizi yuko nje muda mwingi. Jati ameng'oka jino la mbele. Lintang hajatapika tangu mwaka juzi, na anaongea mpaka tunamwomba apumzike kidogo.

Samahani kwa kuchelewesha ripoti. Mwalimu wao alikuwa na shughuli nyingi, na mwalimu ndiye mimi. Nimeiandika kwa maelezo, maana alama sizipendi, na Ibu unajua kwa nini. Naapa kila neno lililomo ni la kweli:

"Lintang, miaka kumi na mmoja. Uraia: alichaguliwa kuongoza kijiji chenye wakazi kumi na tisa, akajiuzulu baada ya wiki mbili kwa sababu ya mgogoro wa daraja. Ujenzi: daraja la kwanza lilianguka, la pili limesimama. Kiingereza: anakijua kiasi cha kugombana na wenzake wa Davao, Ufilipino, na kupatana nao siku hiyohiyo. Hesabu: hugawa mavuno kwa kaya zote bila kulalamikiwa, isipokuwa na Jati. Jati, miaka minane. Ufugaji: ana ng'ombe arobaini, hajapoteza hata mmoja tangu Novemba. Kusoma: anasoma kila kibao anachokutana nacho. Tabia: akishindwa hulia, lakini siku hizi hulia kwa muda mfupi."

Mwonyeshe Pak Warsito. Msalimie Bulik Tatik na jokofu lake.

Mtoto wako,
Wening


Delanggu, 27 Februari 2023

Mwanangu,

Salamu nyingi. Goti limepata nafuu, nadhani kwa furaha. Mvua imepungua, mpunga umeinuka nusu.

Ripoti imefika. Niliisoma mara mbili kabla ya kuvua miwani. Pak Warsito aliisoma mara moja akasema, "Bu Murti, watoto hawa wamelipita darasa lao." Basi nikashindwa kujizuia, nikaibeba mpaka kwenye kikao cha akina mama cha Alhamisi na kuwasomea. Tatik alijaribu kueleza kwamba jokofu lake lina sehemu ya barafu peke yake, hakuna aliyegeuza shingo.

Lakini nina maswali. Ng'ombe arobaini mmewaweka wapi? Nyumba yenu naijua, ina uwanja wa kuanika nguo tu. Nimewaambia watu ni mifugo ya ushirika. Nijibu haraka, nisije nikawa nasema uongo. Na hilo daraja lililoanguka, kuna aliyeumia?

Idi mje mapema. Watu wanataka kuwasikia watoto kwa masikio yao.

Mama yako,
Murtinah


Samarinda, 14 Machi 2023

Ibu,

Nafurahi kwa habari za goti. Sisi tunasubiri mfungo, na Jati anasema mwaka huu atafunga mpaka adhuhuri, halafu ataona hali itakavyokuwa.

Ng'ombe wako mahali salama na hawali sana. Darajani hakuna aliyeumia. Waliozama walirudi baadaye.

Tunafika tarehe 19 Aprili. Ripoti si lazima kumsomea kila mtu, Ibu.

Wening


Delanggu, 8 Mei 2023

Wening,

Nimechelewa kuandika kwa sababu kila nilipoanza, kalamu ilitoboa karatasi. Tu wazima. Ketupat, wale wali wa Idi wa kufungwa kwenye majani, zilizobaki zimeliwa na kuku, na hao ni kuku wa kweli, unaweza kuwashika.

Tuzungumze ya siku ya pili ya Idi. Wageni wamejaa sebuleni, mimi mwenyewe nimemwita Jati mbele. Pak Warsito akamuuliza kwa upole, "Haya, Le, kijana wangu, hao ng'ombe wako unawalisha nini?"

"Majani, Pak. Ukimpa mmoja majani na mwenzake majani, ndama anadondoka palepale."

"Palepale?"

"Palepale. Ukitaka wawili unawapa tena."

"Wapi huko, Le, nami nikaanze kufuga?"

Mtoto akachomoa kishikwambi kutoka ndani ya sarong aliyojifunga kiunoni na kusema, "Humu." Sebule nzima ikaangua kicheko. Tatik akasema, "Kumbe utaratibu maalumu ni gemu! Basi wangu wangekuwa wameshakuwa maprofesa!" Lintang naye, badala ya kunyamaza, akawaeleza wageni jinsi waliozama darajani wanavyorudi.

Asubuhi ya siku iliyotangulia ulipiga magoti mbele yangu, ukaweka paji la uso kwenye goti langu bovu, ukaomba radhi kwa makosa yote yanayoonekana na yasiyoonekana. Nilikusamehe kwa jumla, kama tunavyofanya miaka yote, bila kujua kwamba nasamehe ng'ombe arobaini.

Sasa sikiliza. Pak Warsito ameleta fomu. Lazima nijaze mimi, mkuu wa kaya, kabla ya tarehe 13 Julai: kila mtoto aliye kwenye kadi yangu anasoma, au hasomi. Najua ulichoniomba uwanja wa ndege, niandike kwamba wanasoma nyumbani, mwendelee na maisha yenu. Sitaandika. Jina langu halitakaa chini ya uongo wala chini ya gemu. Nimeongea na shule yangu ya zamani, nafasi mbili zipo, muhula unaanza tarehe 17. Sare nyekundu na nyeupe nimeshazishona. Mlete watoto mwisho wa Juni, wakae kwangu.

Chini ya mto wa Lintang nimekuta kishikwambi cha zamani, chenye ufa. Nitakituma kwa posta.

Murtinah


Samarinda, 29 Mei 2023

Ibu,

Naubusu mkono wako. Sisi hatujambo. Mas Danar amepata homa ikapita. Lintang amezisikia habari za sare. Kesho yake asubuhi hakula.

Nakuomba radhi kwa sebule. Hii si ya jumla, ni ya sebule peke yake. Nilipaswa kukuambia wazi kwamba ripoti ile ilikuwa ya gemu. Niliogopa, na nilipoona umefurahi nikaogopa zaidi. Na nakiri, nilicheka pia nilipokuwa naiandika.

Lakini ni kweli, Ibu. Jati alijua kusoma kwa sababu alichoka kuniuliza vibao vinasema nini. Sikumkalisha hata siku moja. Lintang, ambaye mwalimu wake wa darasa la tatu alituambia ni bubu kwa makusudi, aliwaandikia watoto wa Davao kurasa mbili za Kiingereza akiwaeleza kwa nini daraja lao lilikuwa la hovyo. Ana kamusi yenye jalada lililochanika, alilichana yeye kwa kuifungua kila siku. Wakitaka kujua kitu wanakitafuta, na wakikikosa wanatafuta tena. Siku moja watafanya mtihani wa Paket A, ule wa serikali wa kumaliza shule ya msingi, kama watoto wengine wanaosoma nyumbani. Lintang mwenyewe ameshauliza unafanyika lini.

Unajua kwa nini siwafundishi hesabu mimi? Nitakuambia, maana hatujawahi kulitaja. Mimi ndiye mtoto wa mwalimu mkuu aliyerudia darasa la nne. Ulisimama mbele ya shule nzima ukasoma majina ya waliofeli, la kwangu likiwa la tatu, kwa sauti ileile uliyosomea mengine. Ukaniambia nyumbani, "Hesabu huiwezi, Nduk, tutaanza upya." Miaka thelathini sasa. Mpaka leo nikipima kitambaa cha pazia namwomba Mas Danar apime tena. Mtu wa namna hiyo atamfundisha nani kugawanya? Gemu inawafundisha, na wakikosea haimwambii mtu.

Sitawaleta Juni. Nakuomba saini yako, Ibu. Bila saini ya mkuu wa kaya hawawezi kuandikishwa kama watoto wanaosoma nyumbani, na watahesabiwa watoro.

Kishikwambi bado hakijafika. Lintang anakiulizia, kina kijiji chake cha zamani.

Wening


Delanggu, 12 Juni 2023

Mwanangu Wening,

Tu wazima. Jua limekuwa kali, mpunga umevunwa. Bulik wako analalamika kwamba intaneti yake imekuwa nzito tangu Idi, na wajukuu waliokuwa wakiitumia wameshaondoka. Nimemwambia ni jokofu.

Kishikwambi sijakituma. Jumatatu posta kulikuwa na foleni. Jumanne sikupata boksi la ukubwa wake. Baada ya hapo goti. Mwambie Lintang asiwe na wasiwasi, kiko mahali safi na kinachajiwa, maana nimesikia kwamba kikikaa bila chaji kinaharibika.

Kuna jirani yangu mmoja, humjui, amehamia karibuni. Ana mjukuu anayecheza mambo hayo, akaniomba nikuulize: mbwa mwitu wanaingiaje zizini ilhali lango limefungwa na mtu amelikagua mara mbili? Mimi sijui lolote, naulizia tu kwa niaba yake. Anasema amepoteza mbuzi sita na moyo unamuuma. Kama unaweza kujibu kabla ya mwezi kwisha atashukuru.

Sare bado ziko kabatini. Tarehe ni ileile.

Mama yako,
Murtinah


Samarinda, 26 Juni 2023

Ibu mpendwa,

Naubusu mkono. Sisi wazima, Mas Danar anakusalimu, sigara ni mbili tu kwa siku na moja anajifanya hajaivuta.

Nina habari za kijiji cha watoto, nikaona nikueleze ingawa hujui lolote kuhusu mambo hayo. Amehamia mkazi mpya, wa ishirini. Anaingia kwa jina la zamani la Lintang, na Lintang anasema hajui ni nani. Anasema hivyo huku ameuma mdomo asicheke.

Mtu huyu hufika kila siku baada ya swala ya alfajiri ya huko kwenu Java, huondoka adhuhuri, hurudi baada ya alasiri. Amepanda mpunga kwa mistari iliyonyooka mpaka watoto wa Davao wamekuja kupiga picha. Ameuchimbia mtaro pande zote, na mvua kubwa ilipokuja shamba lake peke yake halikuzama, kwa hiyo sasa wote wanachimba mitaro. Halafu akaweka kibao: MSIKIMBIE. Jati akakimbia makusudi, akarudi akakimbia tena. Kesho yake kibao cha pili kilikuwa pembeni: NIMEONA. Jati amecheka kutwa nzima, na amekiomba kibao hicho kihamishiwe mbele ya nyumba yake.

Kuvuka mto ndiko kulikomshinda. Kuna mawe ya kurukia, yeye anajua kutembea tu. Lintang amehesabu, ameanguka mara kumi na saba. Kila akizama anarudi pale alipoanzia, na Lintang anakwenda kumsubiri ng'ambo ya pili. Nikamuuliza, "Si umwelekeze?" Akanijibu, "Aa, Ibu, ukimwelekeza atakasirika. Anataka avuke mwenyewe." Alipovuka, kijiji kizima kilirusha fataki. Wakapigana kumpa zawadi, na Jati akampa ng'ombe, yeye ambaye hajawahi kumpa mtu hata ndama.

Mwambie jirani yako kwamba mbwa mwitu hupitia paani. Aezeke.

Sasa la kwetu. Lile la darasa la nne hukulijibu. Sawa, Ibu, sitalirudia, nimeishi nalo na nitaishi nalo. Ila fomu usiinyamazie. Zimebaki siku kumi na saba. Lintang ameanza kulala na ndoo pembeni ya kitanda. Sikumwambia aiweke.

Wening


Delanggu, 14 Julai 2023

Mwanangu Ning,

Salamu kwako, kwa Danar, kwa Lintang na kwa Jati. Tu wazima. Ndoo iondoe kabla hujaendelea kusoma, kisha urudi.

Pak Warsito alikuja jana na fomu. Tukakaa mezani. Ina visanduku vya sababu za mtoto kutokuwa shule: umaskini, kazi, ndoa, ugonjwa, hataki. Nikamwambia hakuna hata kimoja kinachotuhusu. Akasema, "Bu, ndivyo vilivyopo, mimi sina namna." Nikamwambia, "Warsito, darasa la tatu nilikufundisha kupiga mstari kwa rula. Piga." Akapiga. Chini ya mstari nikaandika kwa mkono wangu: Wanasoma nyumbani kwa hiari ya wazazi wao, na mkuu wa kaya ameyaona masomo yao. Nikatia saini, jina zima, na cheo changu cha zamani juu yake.

Akauliza, "Umeyaona masomo gani, Bu?" Nikamfungulia kishikwambi. Alizama mtoni mara tatu, chai ikapoa, mara ya nne akavua saa ya mkononi akaiweka kando. Aliondoka adhana ya Magharibi ikilia, akasahau daftari. Alipofika mlangoni, Tatik alikuwa amesimama pale na mikono kiunoni. "Murti, ni wewe unayemaliza intaneti yangu?" Nikamwambia ni mimi, tangu Mei. Leo asubuhi amekuja kuomba aonyeshwe mbuzi.

Shuleni nimewarudishia nafasi zao. Sare nimewapa watoto wa fundi baiskeli, zimewakaa vizuri.

Sasa lile la mwezi Mei. Ulisema hutalirudia, kwa hiyo nitalirudia mimi.

Mwezi mzima nimezama kwenye mto ule. Lintang amekosea hesabu, ni mara kumi na tisa, mbili alikuwa bado amelala. Kila nilipozama nilishika pumzi nikingoja mtu alitangaze jina langu. Sikulisikia. Nilikuwa najikuta pale nilipoanzia, na ng'ambo mtoto ananisubiri bila neno. Mara ya kumi na mbili nililia, Ning, mwanamke wa miaka sabini na mmoja, mbele ya kioo chenye ufa. Sikulilia mto.

Mwaka ule wa 1993 walimu wawili walikuwa wakisema chinichini kwamba mtoto wa mwalimu mkuu hupewa alama za bure. Niliyasikia nyuma ya dirisha la ofisi. Ilipofika Juni nikazichukua karatasi zako nyumbani, nikazisahihisha mara tatu nikitafuta kosa, nipate sababu. Sikuipata. Alama ya kupita hesabu ilikuwa sita. Nilifanya nililofanya ili wasiniseme. Na kweli hawakunisema mimi. Walikusema wewe, na wewe ukawaamini, na mimi nikakuona ukiwaamini miaka yote hii nikanyamaza. Nikaona kukunyamazia ni rahisi kuliko kukutazama usoni.

Asubuhi za Idi wewe ndiye unayepiga magoti, na mimi hujibu yale maneno tunayojibu sote. Haya si hayo. Nisamehe, mwanangu. Ukikasirika, kasirika, andika mpaka kalamu itoboe karatasi, nitaisoma yote.

Hukufeli, Ning. Ulipata sita. Ile tano niliiandika mimi.

Mama yako,
Murtinah